Mahali Anapokaa Mama Saumu

Ukitaka kumchekesha mgeni aliyeshuka mji wa Baraka, kando ya ziwa, mwambie kwamba shantie, karakana ya kuundia boti, inayosifiwa kuliko zote ufukweni inaongozwa na mama asiyejua hata kushika tezo. Atacheka. Kapita Albert naye alicheka, tena kwa sauti, na yeye ndiye aliyekuwa akisimamia mafundi wa pale tangu enzi za mume wa mama huyo.

Marehemu Jafari alikuwa fundi kwelikweli, Mungu amrehemu, lakini kwa kelele hakuwa na mpinzani. Siku ya kushusha boti majini alisimama mchangani na fimbo yake, akawatukana mafundi mmoja mmoja bila kumruka hata mtu. Aliyeingia ndani kuchota maji yaliyovuja ni yule aliyeajiriwa mwisho. Na boti zote zilivuja. Hakuna aliyeona ajabu. Watu walidhani ndivyo boti zilivyo. Mafundi walifanya kazi jicho moja likiwa kwenye fimbo, na fimbo ikigeukia upande wa pili, mikono ilipumzika.

Jafari alipofariki, kila mtu alijua shantie sasa ni ya Albert. Albert mwenyewe alijua kuliko wote. Basi asubuhi moja Saumu, mjane, akatokea na mtandio wake na kikwembe chake kiunoni, akasalimia vizuri, akasema kazi ataiendesha yeye. Albert aliitikia salamu. Akajisemea moyoni: tumwache, atachoka mwenyewe.

Boti ya kwanza ilipokamilika na kuwekwa juu ya magogo tayari kusukumwa, watu walingoja aokote fimbo. Saumu akavua kandambili, akapanda ndani, akakaa chini kabisa, juu ya mishono ya mbao, pale ubao unapokutana na ubao.

"Mama, unafanya nini mule?" Albert aliuliza.

"Mi sijuwe kuangalia kazi yenu, Kapita. Hata nikiangalia, macho yangu haione kitu. Acha niikale tu juu yake." Kwa watu wa Baraka, kuikala ni kukaa tu.

Wakasukuma. Maji yakaingia kama kawaida, na boti ilipoelea Saumu alikuwa amelowa hadi kiunoni. Ufuko mzima unajua hawezi kuogelea. Mafundi walijikunyata, wakisubiri matusi. Yeye akateremka, kikwembe kinachuruzika, akamwita Élie, mvivu maarufu kuliko wote pale.

"Maji imenilowesha kwa mushono yako. Ulikuwa unahitaji nini juu ya kuifanya muzuri?"

Élie alikuwa ameshaandaa uongo mzuri sana. Swali likamvunja nguvu, akasema ukweli: pamba wanayopewa ya kuziba mishono imeoza, na mzee alikuwa hasikii mtu. Juma lile lile ikaja pamba mpya, nyeupe, na mawese mazito ya kuilowesha.

Kilichofuata Albert hakukiamini, na alikiona kwa macho yake. Siku ya mvua, wenzake wamejibanza chini ya bati, Élie alikuwa peke yake tumboni mwa boti, akifumua mshono ambao hakuna aliyeukosoa na kuuanza upya.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna muntu," Élie alijibu bila kuinua kichwa. "Ni juu mama ataikala hapa."

Miaka yote ya fimbo haikuwahi kumtoa Élie kwenye usingizi wa mchana. Mama aliyekaa kimya tu ndani ya boti amemtoa!

Lakini kijicho ni ugonjwa mgumu. Mwenye shantie mpya kule Uvira alipompigia simu, njoo uwe mkubwa hapa, Albert alikubali hapo hapo. Alibakiza boti moja, ya Zakaria, mfanyabiashara wa Swima, na ndani ya boti hiyo mshono mmoja. Pamba hushindiliwa kwa patasi butu na nyundo, kisha hushindiliwa tena juu yake. Albert alishindilia mara moja tu, akapaka mawese juu yake, ukang'aa. Mikono ilikuwa Baraka, moyo ulishafika Uvira. Na nani atamkagua kapita?

Siku ya kushusha, Zakaria alikuja na ukoo wake wote, tena na sufuria za chakula. Saumu akavua kandambili, akapanda, akakaa. Wimbo wa kusukuma ukaanza. Albert alikuwa ameegemeza bega kwenye ubao, akainua macho, akaiona miguu ya yule mama: visigino vimepasuka, vimetulia karibu na mshono wake, kama miguu ya mtu aliye nyumbani kwake. Hakuwa ameutazama mshono. Hakuwa ameuliza. Tangu azaliwe, Albert hakuwahi kuaminiwa hivyo, na hofu ikamshika kuliko alivyowahi kuogopa mawimbi.

"Simameni!" alipiga kelele. "Mama, shuka."

"Juu ya nini, Kapita?"

"Ile mushono ya pembeni yako ni mi njo niliifanya. Niliifanya mubaya, na nilijua. Shuka, mama, nakuomba."

Wimbo ulikatika. Jina la kapita, alilolijenga tangu ujana, lilianguka pale mchangani mbele ya wake za watu. Zakaria alimjia juu, lakini Saumu alishateremka, akasimama katikati yao.

"Papa Zakaria, hii boti ni yangu mupaka iguse maji. Kasirani yote unipe mi." Zakaria akaguna, akageuka. Chakula kililiwa vile vile, maana watu wa Swima hawakuja bure.

Walipobaki wawili, Saumu alimuuliza swali lile lile alilomuuliza Élie. "Ulikuwa unahitaji nini, Kapita?"

Albert angeweza kusema patasi. Angeweza kusema mgongo unauma.

"Nilikuwa nataka hii shantie ikuwe yangu," alisema. "Na Uvira bananiita."

Saumu alivaa kandambili zake. "Nilikuwa naona unaitaka. Sikukuuliza hata siku moja. Hiyo ni kosa yangu mi." Kisha akasema, "Ukienda, enda na amani. Lakini umalize mushono yako."

Albert aliufumua wote. Hakuna aliyemcheka; Élie alimletea pamba, akaiweka karibu na goti lake, akaenda zake. Alishindilia, akarudia, kisha akapitisha kidole mshono mzima, maana sasa alijua ni nani atakaa pale.

Zakaria alirudi, na sufuria zake. Safari hii Saumu alivaa kikwembe cheupe, kile anachokivaa siku ya Idi.

"Kapita, nionyeshe pahali."

Albert akaonyesha kwa kidole. Saumu akaenda akakaa pale pale, juu ya mshono wenyewe, akakunja miguu.

Wakasukuma mpaka boti ikaelea, na wote wakangoja. Baada ya muda Saumu akainuka taratibu, akawageuzia mgongo. Kikwembe kilikuwa kikavu, hakina hata tone. Vigelegele vikapasuka. Albert, maji yamemfika kifuani, alilia mbele ya watu na hakujali, hakukumbuka hata kunawa uso na ziwa zima liko mbele yake.

Alipotoka, simu aliyoiacha juu ya magogo ilikuwa ikiita. Ni yule wa Uvira. Alitaka kujua Albert anafika lini, na aliposikia hafiki tena, akauliza kwa hasira huyo mama anawapa nini hata watu wanakataa kuondoka kwake.

Albert alimtazama Saumu, bado amesimama ndani ya boti, akitafuta mtu wa kumshika mkono ateremke.

"Anaikalaka mu kazi yetu," alisema.

Yule mtu hakuelewa, akaomba aelezwe tena. Albert alikata simu, akarudi majini kumshusha mama.