Sahani Zilizokuwa Zikirudi

Ramadhani hii nilimwahidi binti yangu kwamba nitampeleka Pemba abebe sahani. Nilikuwa jikoni, hapa ugenini Tottenham, namimina tui la kopo juu ya mihogo, hamu ikanishika. Nikampigia simu shangazi kule Pemba kumpa habari.

Utaniuliza sahani gani. Ndugu yangu, sisi jiografia ya mkoa wetu tuliila. Nilipokuwa mdogo, kila Ramadhani kabla ya magharibi bibi alinitwika sinia la sahani zilizofunikwa kawa za ukili, akaniambia hii ya pwani, hii ya bondeni, hii ya mlimani. Na sahani haikurudi tupu. Ya pwani ilirudi na pweza wa nazi. Ya bondeni, kwenye majaluba ya mpunga, ilirudi na mkate wa mchele wa moto, nikaunusa njia nzima na saumu yangu. Ya mlimani, kwenye mikarafuu, ilikuja na ndizi mbivu zilizopikwa kwa iliki. Mwalimu alipotuchorea ramani ya mkoa ubaoni, mimi niliona amekosea, maana hakutia nyumba ya jirani yetu mshona makuti.

Ikitokea sahani haikurudi, bibi hakukasirika. Alisema nyumba ile ina mgonjwa, akanituma nikaangalie.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza taratibu kwamba maji ya chumvi yameingia majaluba yote, mpunga hauoti tena, na watu wa bondeni wamehamia Unguja. Wa pwani wamewafuata watoto wao mjini. Mlimani amebaki mzee mmoja, naye haoni.

“Usimlete, mwanangu,” akasema. “Atabeba sahani ampelekee nani?”

Nikamuuliza yeye anafuturu na nani.

“Peke yangu. Napakua mbili, moja naifunika kawa. Halafu naila daku.”

Nililia, sikufichi. Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, tunasafiri lini. Nikamwambia hatwendi. Akataka kujua kwa nini, nikamwambia aandae meza. Hajapata kuiona kawa, na mlango wa jirani yetu hapa hatujaugonga tangu tuhamie.

Tukafuturu wawili. Mihogo ilikuwa mingi kuliko sisi. Nikamkumbuka bibi na nyumba zake zenye wagonjwa. Leo hakuna sahani inayorudi kutoka popote, na hakuna wa kutumwa akaangalie.