Jogoo wa Mwisho wa Mama Naliaka

"Tangu nihamie Riruta, sijawahi kununua kuku wa mgeni," Mama Naliaka alitamba kanisani mwaka wa 1974. Hakuna aliyebisha, maana wote walishakula kwake.

Kisha mdondo, ugonjwa wa kuku, ukafagia banda lake, ukamwachia jogoo mmoja. Jirani yake Wahu alipojifungua, Mama Naliaka akampelekea jogoo huyo wa supu. Kesho yake wakwe wa mjukuu wake wakabisha hodi bila taarifa, na kwao Wabukusu, mkwe hali mboga ya sukuma kavu, bila kuku. Bibi mzima akachomoka kwa mlango wa nyuma, mbio sokoni.

"Kuku wa kufuga mwenyewe hujulikana," mkwe mmoja akasifu, firigisi mdomoni.

Mama Naliaka angenyamaza tu, jina lake lingebaki. "Huyu nimemnunua leo, mkwe. Wangu nilimpa mzazi."

Jumapili akayarudia maneno hayo kanisani, kichwa juu.

Kuku huyo wa sokoni alimgharimu shilingi kumi na mbili.