Bibi Yangu na Mlima wa Chuma

Mnyororo ule bado nausikia: ka-ka-ka-ka, ukivuta vigari kupanda mlima wa chuma, kisha kimya kidogo, kisha mayowe. Nilikuwa na miaka tisa, mwishoni mwa miaka ya tisini, na baba alikuwa ametupeleka kwenye bustani kubwa ya michezo huko Ulaya, yenye kasri, hoteli na treni yake yenyewe. Nyumbani Wattaya, mtaa wetu wa Maskati, nilikuwa nimeshamtangazia kila mtoto wa mtaani kwamba nitaupanda mlima ule. Nikirudi bila kuupanda, ningechekwa mpaka Ramadhani. Tatizo ni kwamba watoto wa kimo changu hawakuruhusiwa bila mtu mzima. Baba alikuwa na maradhi ya mgongo, mama alikuwa mjamzito. Akabaki bibi, mama yake baba, aliyekuja na buibui lake na bakuli la halwa ya soko la Matrah ndani ya mkoba.

Foleni ilikuwa ndefu, hewa imejaa harufu ya bisi na sukari ya kuungua. Bibi akahisi njaa, akafungua bakuli, na iliki na zafarani zikaishinda ile sukari. Kwetu chakula hakifunguliwi mbele ya watu bila kuwakaribisha, uwe unawajua au huwajui.

"Mie siwezi kula watu wananitizama," akaniambia. "Waambie wakaribie."

Kiingereza cha shule nilikuwa nacho, lakini sikuwakaribisha. Nikasogea mbele hatua chache, nikalikodolea macho kasri kana kwamba yule mwanamke wa buibui simjui. Hadi leo naona aibu kuliandika hilo. Bibi hakungoja mkalimani. Aliwanyooshea bakuli mama mmoja na watoto wake waliokuwa nyuma yake, akawaonesha kwa vidole namna ya kumega. Watoto wakala, wakalamba vidole, wakataka tena. Muda si muda watu wasiojuana walikuwa wanacheka pamoja.

Nikafika langoni. Dada wa zamu akanipima kimo, akauliza niko na nani. Nikageuka. Bibi alikuwa anajifuta mikono kwa leso, hana habari kwamba nimemkana. Nikarudi mbio, nikamshika mkono, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu ni bibi yangu. Niko naye." Kisha nikamuuliza kwa Kiswahili kama ataweza.

"Nimetoka Unguja na wana watano melini, bahari imechafuka, nendako sikujui," akasema akikaza mtandio. "Kigari hichi kitanifanya nini?"

Tukapanda. Kuteremka kote alitoa shahada kwa sauti iliyozidi mayowe ya wengine, na mkono wangu hakuuachia. Tuliposimama, yule mama na watoto wake wakampigia makofi. "Tumbo langu limebaki huko juu," akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku hizi Maskati kuna michezo ya kila namna ndani ya maduka makubwa, na wanangu huipanda wakipiga miayo. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Ukoo wetu ukikusanyika, watu husifu ushujaa wa babu na ami zetu, wenye vyeo na biashara zao. Nami nawaacha wamalize. Kisha nasema mimi ni mjukuu wa bibi yule wa buibui na halwa, na nasema kabla sijaulizwa.