Mama Alivyotoka kwa Mlango wa Nyuma

Mimi si msemaji. Mwalimu akiniuliza swali darasani, jibu ninalo, ila linabaki kooni mpaka mwingine alitoe. Ndiyo maana naandika. Na hili naliandika kwa sababu siku ile niliongea kabisa, na haikusaidia kitu.

Babu yangu mzaa baba yuko gerezani Iringa tangu nikiwa darasa la tatu. Kijijini kwetu Rungwe aligombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, akampiga kwa mpini wa jembe, yule jirani akafa. Hakuna mtu nyumbani anayesema hakufanya. Mwenyewe alikiri mahakamani.

Mwaka huu jina lake lilipelekwa kwenye bodi ya parole, ili kama wakikubali amalizie kifungo chake nje, chini ya uangalizi. Baba alinieleza inavyokwenda. "Bodi haikai na mfungwa ikamjua," alisema. "Inasoma taarifa. Gereza linaandika alivyoishi humo ndani. Waliofiwa wanaulizwa kama wana kinyongo. Halafu anakuja mtu kwa ndugu atakaofikia kwao, aone kama pana mahali na kama wanamtaka."

Taarifa ya gereza ilikuwa nzuri. Waliofiwa walisema yameisha, ila asirudi kijijini. Basi tukabaki sisi, hapa mtaa wa Soweto, mjini Mbeya. Na sisi tulimtaka. Mama ndiye aliyesema nihamie sebuleni ili mzee apate chumba changu, na ndiye aliyefua blanketi zito akalianika mpaka likakauka, ingawa jua lenyewe la Juni huku ni la kuomba.

Afisa wa bodi alikuja Jumamosi bila taarifa, baba akiwa Madibira kwenye mavuno ya mpunga. Aliongozana na mwenyekiti wetu wa mtaa. Alikuwa kijana, Kiswahili chake cha Pwani kinateleza, na shati la mikono mifupi kwenye baridi ile. Mama akamwekea chai.

"Mama, huyu mfungwa ni nani wako?"

Mama alitazama sakafu. "Baba yake na baba watoto."

"Jina lake?"

Mama akamsogezea sukari.

"Jina la mzee, mama."

Mama akanigeukia. Nikalitaja mimi. Afisa akaandika, kisha akatoa picha kwenye faili akaiweka mezani, karibu na kikombe. "Ndiye huyu?"

Mama akavuta kitenge kichwani mpaka usoni, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwetu Wanyakyusa, kwa wale ambao bado wanashika mila, mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, halitaji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Wengi wa mjini wameacha. Mama hajaacha. Zamani babu alipokuja kututembelea alikuwa anakohoa tangu kwenye kona ya uzio, ili mama apate muda wa kupisha, na mama akimpakulia yeye kwanza kabla yetu sote, chakula nakipeleka mimi. Sijaona watu wanaoheshimiana kama wale wawili, na sijawahi kuwaona pamoja.

Mwenyekiti, ambaye anapenda utani hata msibani, akacheka. "Umeona, afisa? Hiyo ni picha tu! Mzee mwenyewe akitokea hapo mlangoni, huyu mama tutamkuta Makambako!"

Kalamu ya afisa ikatembea.

"Si hivyo," nikasema.

"Ongea kwa sauti, binti."

"Si kwamba hamtaki. Anamheshimu. Ni mkwe wake. Hata chumba tumeshaandaa." Niliyasema yote, mpaka ya kukohoa.

Simsingizii yule afisa, alinisikiliza mpaka mwisho. Aliomba kuona chumba, akaona. Akaangalia sebule, akaangalia choo kimoja cha uani tunachotumia wote. Halafu akauliza kwa upole, "Sasa akishafika, mama atakuwa anapita wapi? Baba yako nusu ya mwaka yuko shambani. Mzee akiugua, nani atampa maji?"

"Mimi."

"Ukiwa shule?"

Jibu la hilo? Mpaka leo sinalo.

"Mimi nataka mama aje aseme kwa kinywa chake kwamba atakaa naye. Neno moja linanitosha," afisa akasema.

Nikamfuata mama uani. Alikuwa amesimama nyuma ya banda la kuku, kitenge bado usoni. "Mwambie aje," alininong'oneza. "Mwambie mzee wetu aje hata kesho. Lakini mimi humo ndani siingii na ile picha iko mezani."

Niliporudi, picha ilikuwa bado mezani, na nikaona aibu kumwambia mtu mzima aifiche. Nikasema tu, "Anasema aje."

"Nimesikia," afisa alijibu. "Ila hayo umeyasema wewe."

Akamaliza chai yake, akashukuru vizuri, wakaondoka.

Jioni baba alipiga simu, nikamweleza, akawa mkali. Kisha akampigia shangazi, dada yake mkubwa aliyeko Tukuyu, akatuunganisha sote tusikie. Akamuuliza kama huu mwiko hauwezi kufunguliwa.

"Unafunguliwa," shangazi alisema. "Wazee wanakaa, mkwe anakaa mbele ya mkwewe, mzee anampa zawadi kwa mkono wake mwenyewe. Basi, yameisha."

"Tufanye sasa, dada."

"Ufanye na nani? Mwenye mkono si yuko gerezani? Au wewe unaona hiki ni kikao cha harusi, mtu anatuma udhuru?"

Mama, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akaenda kufungia kuku.

Agosti nilikwenda na baba Iringa kumwona babu. Alikuja upande wa pili wa wavu, askari amesimama pembeni. Amekonda, na masikio yake yamekuwa makubwa. Hakutuzungusha.

"Wamekataa. Nimesomewa. Gereza linanisifu. Waliofiwa hawana pingamizi. Ila wa nyumbani wananiogopa, na mahali pa kukaa hapafai."

Watu aliowaumiza walimruhusu. Aliyemzuia ni anayempakulia kwanza.

"Ni huyu mama watoto," baba akaanza. "Kitu kidogo tu kimemshinda..."

"Koma." Babu hakupandisha sauti. "Walimwekea picha yangu?"

"Ndiyo."

"Akatoka?"

"Akatoka."

"Sasa ulitaka abaki ameikodolea macho?" Akacheka, meno machache. "Mkwe wangu ana adabu. Kamwambie ndaga."

Ndaga ni asante. Nilitamani agombe, apige ule wavu, alie. Angekasirika pengine ningeona kuna kitu cha kupigania. Baba alimuuliza kama bodi itamtazama tena. Akasema atatazamwa, lini hajaambiwa. Halafu akaniuliza kama mvua zilikuwa nzuri Mbeya, nami nikaitikia kwa kichwa, na askari akasema muda umekwisha.

Nyumbani baba alifikisha ile ndaga. Mama alipiga goti kuipokea, pale pale jikoni, mzee mwenyewe akiwa mbali hivyo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunamenya viazi, mimi na yeye tu. Akasema, bila kuniangalia, "Hebu jifanye afisa. Niulize."

Nikajiweka sawa kwenye kigoda. "Mama, uko tayari kukaa na huyu mzee?" Sauti ilitoka kubwa, sikujua kama ninayo.

Mama akacheka, akaziba mdomo kwa mkono wenye maganda. Kisha kicheko kikaisha. Akainamisha uso.

"Niulize tena."

Nikauliza. Akavuta kitenge kichwani.

"Tena, mwanangu."

Nikauliza mara nyingine, polepole, nikamtazama kama yule kijana alivyomtazama. Niliona mwanamke amefunika kichwa, kisu kimesimama kwenye kiazi, hasemi neno. Nimemjua maisha yangu yote. Na hata mimi, ningekuwa na kalamu, sijui ningeandika nini tofauti.