Stendi Yenye Sura ya Kwetu

Hadi leo mtu akinisifia stendi ya Kagoma namwitikia kwa kichwa tu, maana nikifungua mdomo nitamtukana bure. Wageni huipenda. Ni ya mviringo, paa lake limechongoka kama la msonge, ile nyumba ya nyasi waliyoishi wazee wetu Wahaya, na mbele ina kibaraza cha kukalia abiria. Wanasema imefuata asili yetu. Asili hiyo ilikuwa nyumba ya baba yangu, na waliibomoa ili stendi ipate pa kukaa.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Bukoba, nimepanga chumba Miembeni. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alibaki peke yake Kagoma kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, pale njia panda. Mama alikuwa amezikwa mle mle, nyuma ya nyumba, karibu na babu na bibi. Kwetu mtu huzikwa kibanjani kwake, na kibanja chenye makaburi hakiuzwi wala hakihamwi. Ubavuni mwa kaburi la mama Tata aliacha nafasi ya mtu mmoja, hakupanda hata maharage. Mgeni akija alimwonyesha, akasema pale ni kwake. Sikuwahi kumsikia akitamani kitu kingine.

Likizo moja nilipokuwa nyumbani walikuja watu wa mipango kutoka mjini, wakiongozwa na msanifu wa majengo, kijana mtanashati. Walitaka kujenga stendi mpya isiyofanana na yale masanduku ya mkoloni, na waliambiwa msonge wa Tata ndio uliobaki imara kuliko yote ya barabara ile. Waliomba kuupima. Tata alifurahi mno. Alitandika majani mabichi sakafuni, akatoa akamwani, ile kahawa yetu kavu ya kutafuna, katika kikapu kidogo cha mgeni.

Zamani watu walichanjiana udugu kwa punje ya kahawa iliyopakwa damu. Damu iliachwa siku nyingi, lakini Tata aliamini kwamba aliyetafuna kahawa nyumbani mwako hawezi kukudhuru. Msanifu alitafuna. Alikuwa Mhaya kama sisi, mzaliwa wa Buhembe, hakuhitaji kufundishwa. Kisha Tata akawashikia ncha ya utepe, akawatajia jina la kila nguzo, na msanifu akachora. Walipoaga, msanifu alimwambia, "Tata, nyumba yako haitapotea."

Walitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Msimu mzima wa kahawa Tata aliwasimulia majirani kwamba serikali imeichagua nyumba yake. Hakuna aliyemwambia stendi itakaa wapi, naye hakuuliza, kwa sababu mwenye kuulizwa habari za nyumba yake hudhani anaheshimiwa.

Mkutano wa kijiji ndio uliotangaza. Stendi itakuwa njia panda, mabasi yanapogeukia, na njia panda ilikuwa kibanja chetu. Tata angepewa eneo rweyani pamoja na wenzake waliohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Rweya ni ile nyika ya majani tunakochungia ng'ombe. Mgomba hauoni raha kule, na hakuna mzee wa mtu yeyote aliyezikwa kule.

Tata hakubishana na mkutano. Alivaa kanzu na koti, akapanda basi hadi kwangu, nikampeleka ofisini kwa msanifu. Tulipokewa vizuri, tukapewa viti. Tata alifungua kitambaa, akaiweka akamwani mezani.

"Mwanangu," alisema, "ulitafuna kahawa yangu."

Msanifu aliitazama ile kahawa, hakuigusa. Alijibu kwa Kiswahili ingawa Tata alimsemesha Kihaya.

"Mzee, ule ulikuwa ukarimu. Hii ni kazi ya taifa."

Akaongeza kwa upole kwamba mifupa ya mama ingeweza kufukuliwa na kuhamishwa, gari lingepatikana. Upole ule ndio ulionichoma. Angetufokea ningemchukia kidogo. Tata alifunga kitambaa chake, akasema hakumwoa mke wake ili amhamishe kama mzigo. Tukatoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, na mimi tangu siku ile siwezi kuisikia methali hiyo bila kuona kikapu kile.

Msonge ulibomolewa, migomba ikafyekwa, kokoto ikamwagwa juu ya makaburi. Jengo lilipokamilika viongozi walihutubia kuhusu utu wa Mwafrika. Tata hakualikwa, ingawa vipimo vyote vilikuwa vyake.

Rweyani migomba yake ilitoka myembamba, ya manjano. Siku za gulio alitembea hadi stendi, akakaa chini upande wa nyuma, yalipokuwa makaburi, hakupanda basi lolote. Siku moja nilishuka nikamkuta kondakta akimuuliza anakwenda wapi.

"Nimefika," alijibu.

Vijana walicheka, wakidhani mzee kachanganyikiwa. Mimi nilimshika mkono tukaondoka.

Alipofariki nilikwenda ofisi ya stendi kuomba ile nafasi ya mtu mmoja. Ilikuwa bado tupu, pembeni kabisa mwa uwanja, karibu na choo cha abiria. Waliniambia stendi si makaburi. Tukamzika rweyani, kaburi la kwanza pale, hana jirani. Mama yuko chini ya kokoto, mabasi ya Bukoba yanapogeukia. Nikienda kumzuru Tata sina njia nyingine, nashukia hapo hapo.