Gari Niliyoiogesha Ziwani

Siku moja naikumbuka kila nikisikia harufu ya grisi, mwanangu, na nikiikumbuka napandwa na hasira upya. Leo asubuhi nimeikumbuka vibaya. Natoka Mugango na samaki wangu, nakukuta umeingiza kile kigari chako cha zamani ziwani mpaka tairi zimezama, unakisugua na povu huku unapiga mluzi. Na Jumamosi eti unawapeleka watoto Dodoma kwa mama yao! Kaa chini. Simu weka pembeni. Nimekasirika, na sina haja ya kuficha.

Nilikuwaga nesi hapa Musoma, hata miaka thelathini sijafika. Padri mmoja mzungu alikuwa anarudi kwao, akaniuzia Pijo 404 kuukuu kwa bei ya kutupa. Mwanamke kushika usukani wakati ule! Nikipita mtaa wa Iringo, wanaume wanaacha chai, wanasimama milangoni. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Basi ikaja habari kwamba mama mdogo Nyangeta, mdogo wake mama yangu, yuko hoi hospitalini Singida na anamwulizia dada yake. Mama akatoka kijijini Murangi siku hiyo hiyo na kibuyu cha maziwa ya mgando, maana mgonjwa alikuwa hatamani kitu kingine ila maziwa ya nyumbani. Hao wawili walibaki yatima wadogo sana. Mama yangu ndiye aliyembeba mwenzake mgongoni mpaka akajua kutembea.

"Nifikishe nimwone, mwanangu," aliniambia. "Nimwone tu."

Fundi wangu wa Iringo alichungulia magurudumu ya mbele, akaniambia sili zake, zile mpira za kuzuia maji, zimechoka, maji yasiguse huko kabisa. Akataka nimwachie gari nusu siku afungue, asafishe beringi, atie grisi mpya. Nikamwambia sina nusu siku, mgonjwa anasubiri. Jioni ile ile nikaona gari ina vumbi, na kesho watu watanitazama njia nzima. Nikaiingiza ziwani! Nikaisugua mpaka inang'aa, nikarudi nyumbani naimba.

Asubuhi tukaondoka. Unadhani nilinyoosha moja kwa moja Bunda? Thubutu! Nilikata kona kwenda Butiama, manesi niliosoma nao waione gari. Wakaizunguka, wakapiga vigelegele, wakachemsha chai, wakachinja na kuku. Mama hakushuka. Alikaa na kibuyu chake mapajani, anatazama mbele.

Tulipoirudia barabara kuu, gurudumu moja likaanza kulia. Nikaongeza sauti ya redio.

"Kuna kitu kinalia," mama akasema.

Nikamjibu, tena kwa ukali, kwamba gari za wazungu ndivyo zilivyo. Jibu hilo nikilikumbuka natamani kujizaba kofi. Kabla hatujaingia Bunda moshi ukafuka, gurudumu likajamu, tukaishia mtaroni.

Fundi wa pale Bunda alifungua, akanionyesha uji mweupe, grisi iliyoingia maji, mahali palipotakiwa grisi tupu. "Dada, gari hii uliiogesha ziwani?" Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

"Aliiogesha," mama akamjibu. "Nilimwona."

Beringi mpya mpaka Mwanza, na basi la Singida lilishapita alfajiri. Tukalala Bunda, tukapanda basi kesho yake, tukafika siku ya tatu mchana. Mama mdogo alikuwa amekata roho asubuhi ile. Walikuwa wameshamwosha na kumvika. Nesi mwenzangu wa pale akasema alikuwa anautazama mlango mpaka mwisho.

Mama hakulia. Alinigeukia, akasema polepole, "Wewe ulipata muda wa kuosha gari. Mdogo wangu wamemwosha watu baki." Kisha akatoka nje, akamwaga maziwa yote chini.

Aliishi miaka mingi baada ya pale. Alinipenda, alikula kwangu, aliwalea ninyi wote. Gari yangu hakuipanda tena mpaka tunamzika. Mimi hasira yangu haikuwa kwa Pijo, maskini, wala kwa fundi. Nusu siku niliyomnyima fundi niliila Butiama na nyama ya kuku!

Kwa hiyo nisikilize. Gari ya bei rahisi siyo aibu, wala uzee wake siyo kosa lake. Itafika Dodoma na kurudi ukiitunza ndani kabla ya kuipaka mafuta nje. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ukiwa safarini mkuu wako ni fundi, hata kama ana oili mpaka masikioni. Chombo kikilia, simama. Mtu anakusubiri, nenda kwake kwanza. Sifa utazikuta wakati wa kurudi, kama bado unazitaka.

Na usipapase mfuko. Funguo zako ninazo mimi, zimefungwa kwenye pindo la kanga hii. Kamwite fundi, afungue magurudumu yote manne hapa uani, mbele ya macho yangu. Akimaliza nitakupa funguo, na nitawawekea mkono kichwani wewe na hao watoto: Mungu awatangulie, awaepushe na mabaya ya njiani, na mama yao anayetazama mlango awaone mnaingia.

Haya, inuka. Fundi hajiiti mwenyewe.