Mkaushaji Kamba wa Ruvu na Gunia la Saba

Saa mbili asubuhi, jua la Ruvu limeshaanza kuuma. Mwanamkuu binti Mwishehe amechuchumaa kwenye jamvi, anageuza kamba mmoja mmoja kwa ncha za vidole, upesi hata macho hayamfuati. Akimkuta aliyejikunja, humtupa kando.

"Aliyeanikwa mbichi hukauka amenyooka," anasema, mikono haisimami. "Aliyepita chunguni hujikunja. Nifunge kitambaa machoni, nitakwambia vilevile."

Msomaji asidhani ni maringo. Mwezi uliopita vidole hivyo vilitikisa ghala zima la forodha Dar es Salaam, na mwandishi huyu amekuja Ruvu mbio kuviona.

Mwanamkuu, mwenye umri wa miaka 43, ni mzaliwa wa Kisarawe. Aliolewa Ruvu na Mwinyijuma, mtega kamba kwa migono mtoni, na kazi ya kuanika alifundishwa na mama mkwe wake, marehemu Bi Biubwa. Leo wanawake kumi na wawili, kutoka Ruvu hadi Kibaha, humletea kamba wao wakavu. Msimu ukiwa mzuri kila mmoja hupata kama shilingi thelathini kwa mwezi. Magunia hupanda treni hadi bandarini, kisha meli hadi Unguja kwa mnunuzi wao, Salehe.

Forodhani kamba wa namna hii wana mafungu mawili: waliokaushwa tu, na waliopikwa. Kila fungu lina ushuru wake. Ukiandikisha fungu moja ukaleta jingine, mali yako inatwaliwa.

Sasa, huku kuna desturi ya tangu enzi za Bi Biubwa. Gunia halifungwi bila kionjo, yaani konzi mbili za kamba waliochemshwa na chumvi, wanaowekwa juu kabisa ili mnunuzi akifungua atafune kwanza, roho imtulie. Karatasi ya Mwanamkuu ilisema "waliokaushwa". Afisa Mzungu akafungua gunia, akachota palepale juu, akatia mdomoni. Wamepikwa! Magunia yote manane yakazuiliwa.

Habari ililetwa Ruvu na mlinzi wa treni: mwenye mali afike kabla ya adhuhuri ya Jumamosi, la sivyo ayasahau.

"Sikula, sikunywa," anakumbuka. "Wenzangu kumi na wawili! Ningewatazama kwa uso gani?"

Siku yenyewe alipokewa na Saburi, karani wa forodha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Magunia yangu yako wapi?"

Akaelekezwa. Akaeleza habari ya kionjo, Saburi akafasiri, afisa akatikisa kichwa. Hapo mama akapandisha sauti.

"Mwambie asichote juu! Amwage gunia zima!"

Turubai likatandazwa. Gunia la kwanza likamwagwa, na chini ya kionjo kamba wote wamenyooka. La pili vivyo hivyo. Wapagazi wakaacha mizigo yao, wakazunguka, wakawa wanahesabu kwa kelele: "Tatu! Nne!" Walipofika sita ghala lilikuwa linavuma, na afisa akainua mkono kwamba yatosha, yaliyobaki yapite.

Mwanamkuu alikuwa ameshalifungua la saba. Kwa furaha akazamisha mkono hadi kiwiko, awaonyeshe watu. Vidole vikakutana na kamba waliojikunja, wote, mpaka chini.

Akalitambua fundo. Gunia lilikuwa la Zubeda wa Kibaha, mmoja wa wale kumi na wawili. Wiki ya kuwaanika mvua ilinyesha mfululizo, na Zubeda, kwa kuogopa wasioze, aliwachemsha kwanza. Naye Mwanamkuu, akiwahi treni, hakulikagua.

"Moyo ulinipasuka," anasema. "Hakuna aliyejua ila mimi. Ningeufunga mdomo wa gunia na wangu, basi."

Hakuufunga. "Mwambie hili limepikwa lote. Kosa ni langu, sikulitazama."

Saburi alimkodolea macho. "Mama, nifasiri?"

"Fasiri!"

Afisa akapiga magoti, akachunguza la saba, kisha akamwaga la nane kwa mikono yake mwenyewe. Kamba wamenyooka. Akaandika karatasi mbili: magunia saba fungu la waliokaushwa, moja fungu la waliopikwa. Hakutwaa hata kamba mmoja.

"Nina miaka sita hapa," Saburi alimwambia mwandishi huyu, bado akicheka. "Sijapata kuona mwenye mali akijishitaki mwenyewe. Wapagazi walimpigia makofi mpaka getini."

Tangu siku hiyo kionjo hufungwa kwenye kifuko chake, nje ya gunia. Mwanamkuu, aliyezoea herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani, sasa anajifunza za Kizungu kwa mkaa ubaoni, ili karatasi ajaze mwenyewe.

Na lile gunia la Zubeda? Wiki iliyopita Salehe aliandika kutoka Unguja: wateja wake wameligombania, analeta oda ya mengine manne ya namna ileile.

Mwanamkuu anatazama wingu linalojikusanya upande wa Kibaha, kisha anacheka kwa sauti.

"Zamani likitanda hivi tulikuwa tunalia," anasema. "Sasa acha inyeshe. Sufuria zipo, kuni zipo, na karatasi yake naijua."